Bima binafsi ya afya: kwa nini anayeihitaji zaidi ndiye anayeikosa

Fomu ya kuomba bima binafsi ya afya huuliza tarehe ya kuzaliwa mapema kabisa. Kiwango cha elimu haikiulizi, au hukiuliza kwa kupita tu. Lakini ukiangalia ni akina nani wanaotembea na kadi hizo jijini Dar es Salaam, umri na elimu vinaonekana waziwazi. Wengi ni watu wa makamo na vijana wenye vyeti, walioajiriwa kwenye mabenki, kampuni za simu, mashirika na kampuni za usafirishaji. Mzee wa miaka 70 wa Mbagala au Tandika, ambaye mwili wake ndio unaodai dawa kila mwezi, mara nyingi hayumo.

Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba wazee hawana fedha na wasiosoma hawaielewi bima. Yana ukweli kidogo, na yanapotosha sana. Kinachoitwa athari ya umri, sehemu yake kubwa ni historia ya kizazi kimoja. Kinachoitwa athari ya elimu, sehemu yake kubwa ni ajira. Bila kutenganisha mambo haya, mtu anaweza kuamini kwamba semina chache za uhamasishaji zitawafanya wazee wakate bima, kumbe mlango wenyewe umefungwa kwa ndani.

Tuanze na umri. Presha, sukari, maradhi ya figo, mtoto wa jicho, tezi dume, maumivu ya nyonga na magoti: maradhi haya hujikusanya taratibu, na mengi yakishaingia hayatoki. Malaria ya kijana ni gharama ya mara moja. Sukari ya mtu wa miaka 62 ni gharama ya kila mwezi maisha yake yote, pamoja na vipimo vya figo, macho na miguu. Figo zikishindwa kabisa, kusafisha damu kwa kawaida hufanyika mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara. Hiyo ni mara 156 kwa mwaka. Tukichukulia kwamba kila mara inagharimu shilingi 200,000, mgonjwa mmoja anatumia shilingi 31,200,000 kwa mwaka, na hapo dawa hazijahesabiwa.

Kwa hiyo haja ya matibabu inapanda na umri, hilo halina mjadala. Ila kampuni ya bima nayo inalijua, na bei inapangwa kwa kulijua. Hata Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulipoanza mwaka 2019 kuuza vifurushi vya hiari vya Najali, Wekeza na Timiza, uliwagawa watu kwa makundi ya umri, na wenye miaka 60 na kuendelea walikuwa na bei yao ya juu. Kampuni binafsi huenda mbali zaidi. Mbali na kupandisha bei, nyingi huweka ukomo wa umri wa kujiunga kwa mara ya kwanza, mara nyingi miaka 60 au 65. Mzee anaweza kuwa na hela mkononi na bado asipokelewe.

Kuna sababu ya kihesabu nyuma ya ukali huo. Chukua kundi la watu 100 wanaojiunga kwa hiari na kulipa bei moja. Themanini ni vijana, kila mmoja akitumia matibabu ya wastani wa shilingi 150,000 kwa mwaka. Ishirini ni wazee wanaotumia shilingi 1,200,000 kila mmoja. Jumla ni shilingi 36,000,000, hivyo bei ya haki kwa kila mtu ni 360,000. Sasa kijana anayejua kwamba yeye hutumia 150,000 anaona hii si biashara yake. Wakiondoka vijana 40, wanabaki watu 60 wenye gharama ya shilingi 30,000,000, na bei inakuwa 500,000. Vijana wengine 30 wanaondoka. Waliobaki ni 30, gharama ni 25,500,000, bei ni 850,000. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyeiba, na skimu inakufa hivyohivyo. Kampuni inapofunga mlango kwenye miaka 60 inajaribu kuzuia mteremko huu usianze.

Mchumi George Akerlof alilieleza jambo hili mwaka 1970, na mmoja wa mifano yake ulikuwa huuhuu: ugumu wanaoupata watu waliovuka miaka 65 kununua bima ya matibabu. Hoja yake ni kwamba bei ikipanda, wanaobaki tayari kulipa ni wale wanaojijua kuwa watatibiwa sana, kwa hiyo kupandisha bei hakuzibi pengo. Tanzania tumeona jambo la namna hii hata bila wazee kuhusika. Machi 2023 NHIF ilisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja kwa Toto Afya Kadi, iliyokuwa ikiuzwa kwa shilingi 50,400, kwa sababu wazazi wengi walikuwa wakiwasajili watoto ambao tayari ni wagonjwa. Shida iko kwenye hiari yenyewe: mtu anajiunga pale anapojua atatibiwa.

Elimu na njia zake

Elimu humfikisha mtu kwenye bima kwa njia kadhaa, na si zote zina uzito sawa. Kipato ndiyo njia inayoonekana kwanza, ila hapa Dar es Salaam iliyo nzito kuliko zote ni ajira rasmi. Mhasibu wa kampuni ya mizigo bandarini hakuamua kukata bima, aliikuta. Mwajiri amekata mkataba wa kundi, jina la mhasibu likaingizwa kwenye orodha pamoja na mwenza na watoto, kadi zikaletwa na ofisa utumishi. Fundi wa magari wa Gerezani anayemzidi kipato mhasibu huyo hana wa kumwingiza kwenye orodha. Akitaka bima binafsi lazima ainunue yeye kama mtu mmoja au familia moja, kwa bei ya juu zaidi na masharti makali zaidi, kwa sababu kampuni inamshuku kwamba anakuja kwa kuwa anaumwa. Ukiwapanga watu hawa wawili kwenye jedwali la utafiti, utaona mwenye shahada ana bima na wa darasa la saba hana, na utasema ni elimu. Mwajiri hatatokea kwenye hitimisho lako.

Ndiyo maana watafiti makini hawalinganishi waliosoma na wasiosoma kwa jumla. Huwalinganisha watu wenye kipato kinachokaribiana, aina moja ya ajira, ukubwa sawa wa kaya na umri sawa, halafu huangalia kama elimu bado inaongeza kitu. Kwa kawaida inaongeza, ila kwa kiasi kidogo kuliko ilivyoonekana mwanzo. Kilichobaki hapo ndicho kinachoweza kuitwa kazi ya elimu yenyewe: kusoma mkataba, kupima uwezekano wa jambo ambalo bado halijatokea, kukubali kulipa leo kwa ajili ya mwaka ambao huenda usiugue.

Kuna mkanganyiko mmoja hapa unaopaswa kutajwa. Mwaka 1972 mchumi Michael Grossman alitoa hoja kwamba elimu humfanya mtu atunze afya yake kwa ufanisi zaidi. Ikiwa ni hivyo, msomi anaugua kidogo, basi angepaswa kununua bima kidogo. Kinyume chake ndicho kinachotokea. Utafiti wa Fang, Keane na Silverman uliochapishwa mwaka 2008, kuhusu bima ya nyongeza wanayonunua wazee wa Marekani juu ya ile ya serikali, uliwakuta walioinunua wakiwa na afya nzuri kuliko wasioinunua, na uwezo wa kuchambua mambo ulikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Maana yake kwa kampuni ni nzito: elimu inaleta wateja wenye gharama ndogo, umri unaleta wenye gharama kubwa. Kampuni yoyote yenye akili za biashara itapeleka mawakala wake kwenye minara ya Posta na Mikocheni, si kwenye vijiwe vya wazee.

Mzee wa leo alikuwa kijana wa lini?

Hapa ndipo uchambuzi mwingi unapokosea. Utafiti unaowapima watu wa umri tofauti katika mwaka mmoja hauoni mtu akizeeka. Unaona vizazi tofauti vilivyosimama pamoja. Mzee aliyezaliwa mwaka 1950 alikuwa na miaka 24 wakati Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipoamua kuharakisha elimu ya msingi kwa wote. Nafasi yake ilikuwa madarasa ya watu wazima, ngumbaru, sio shule. Aliyezaliwa mwaka 1967 aliikuta shule imefunguliwa. Kwa hiyo uzee na uchache wa shule vinakwenda pamoja katika takwimu zetu kwa sababu ya kalenda, wala si kwa sababu kuzeeka kunamfanya mtu asiielewe bima.

Historia ya matibabu nayo ina mchango wake. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara, na ruhusa ilirudi mwaka 1991. Uchangiaji wa gharama katika hospitali za serikali ulianza mwaka 1993. Yaani huyu wa mwaka 1950 alifika miaka 43 bila kulipia kitanda cha hospitali ya serikali. NHIF ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, yeye akiwa na miaka 51, na ilianza na watumishi wa umma. Bima ilifika katika maisha yake imechelewa. Kisha Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ikaweka msamaha wa matibabu kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na leo hospitali za umma zina dirisha la wazee. Ukimwambia anunue bima binafsi, hesabu anayoifanya ni ya busara kabisa: kuna kitambulisho cha msamaha, kwa nini alipe? Jibu la kweli ni kwamba msamaha humfikisha kwa daktari, lakini dawa isipokuwepo dirishani, duka la nje halitambui kitambulisho hicho.

Tofauti hii ya uzee na kizazi ina matokeo makubwa kwa miaka ijayo. Walioingia shule za kata tangu katikati ya miaka ya 2000 watazeeka wakiwa wamesoma, wamezoea kulipia matibabu, na wengi wamewahi kushika kadi ya bima kazini. Mahitaji ya bima miongoni mwa wazee wa baadaye yatakuwa juu hata kama bei haitashuka. Anayekadiria soko la mwaka 2050 kwa kuwatazama wazee wa leo atakosea vibaya.

Mnunuzi halisi ni mtoto

Kwa sasa, bima binafsi ya mzee wa Dar es Salaam kwa kawaida hainunuliwi na mzee. Hununuliwa na mtoto aliyesoma. Elimu inayofanya kazi hapa ni ya kizazi cha pili, na hilo halionekani kwenye dodoso linalomuuliza mzee mwenyewe darasa alilofikia.

Kwa mtumishi wa umma njia ipo tayari. Mchango wa asilimia 6 ya mshahara, nusu yake akilipa mwajiri, unamhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi wengine hadi jumla ya watu sita, na mzazi anaruhusiwa kuwa mtegemezi. Kinachokwama ni nafasi: watoto wanne wakishasajiliwa, mama hana pa kuingia. Angalia orodha yako. Mtoto aliyevuka umri wa utegemezi na bado yuko kwenye orodha anaikalia nafasi ya bibi yake.

Kwa aliyeajiriwa kampuni binafsi mambo ni magumu zaidi. Mkataba wa kundi mara nyingi huwatambua mwenza na watoto tu. Wazazi ni nyongeza inayolipiwa kando, tena ikiwa kampuni imekubali. Mazungumzo na wakala huishia hivi:

"Mama ana miaka mingapi, dada?"

"Sitini na saba."

"Kwa huyo hatuwezi kumwanzisha upya. Angeingia kabla ya sitini na tano tungeendelea naye."

Jibu hilo lina taarifa mbili, na watu wengi husikia moja. Umri wa kujiunga na umri wa kuhuisha ni vitu viwili tofauti. Sera nyingi za bima, yaani mikataba yake, zinazokataa mgeni wa miaka 67 zitaendelea na mteja wa miaka 67 aliyeingia akiwa na 58, mradi hajakatisha. Kwa hiyo kwa mzazi wa miaka 57 au 58 mwenye afya nzuri, miaka miwili ijayo ina uzito kuliko ishirini inayofuata, na hapo ndipo mtoto anapaswa kukaza bajeti.

Australia imeigeuza kanuni hii kuwa sera ya nchi. Tangu Julai 2000, anayechelewa kununua bima ya kulazwa hospitali anaongezewa asilimia 2 ya bei kwa kila mwaka uliopita baada ya miaka 30, kikomo kikiwa asilimia 70. Anayeanza na miaka 45 analipa asilimia 30 zaidi, na nyongeza hiyo huondolewa akilipa miaka 10 mfululizo. Kijana anapewa sababu ya kuingia mapema, na mzee hafungiwi mlango.

Kusoma jedwali la mafao

Chukua jedwali la mfano la kifurushi cha familia. Juu kabisa, kwa herufi nene: kulazwa, shilingi 30,000,000. Hiyo ndiyo namba inayouza. Mistari michache chini: magonjwa sugu na yaliyokuwepo kabla ya bima, shilingi 3,000,000, ndani ya kikomo cha kulazwa, baada ya miezi 12. "Ndani ya" inamaanisha kwamba mzee akilazwa kwa matatizo ya sukari, zile 30,000,000 hazimhusu. Zake ni 3,000,000. Wagonjwa wa nje: shilingi 1,500,000 kwa mwaka.

Sasa mweke mama mwenye presha na sukari. Dawa za mwezi tuseme ni 90,000, kwa mwaka 1,080,000. Daktari bingwa kila miezi mitatu kwa 40,000 ni 160,000. Vipimo vya kila miezi mitatu kwa 65,000 ni 260,000. Jumla ni 1,500,000 kamili. Kikomo kimeisha bila homa hata moja, bila jino, bila miwani. Na hiyo ni baada ya kusubiri miezi 12, maana mwaka wa kwanza maradhi hayo huenda yasilipiwe kabisa. Kama ada ya mwaka kwa mama inakaribia 1,500,000, basi kwa upande wa wagonjwa wa nje unaipitisha tu fedha yako mkononi mwa kampuni. Katika hali hiyo ni afadhali kununua kifurushi cha kulazwa pekee, kilicho nafuu, na dawa za mwezi ukazilipia mwenyewe.

Kosa linaloangusha madai mengi hufanyika kwenye fomu. Mtoto anajaza kwa niaba ya mzazi, anafika kwenye swali la maradhi ya zamani, anaweka "hapana" kwa sababu hajawahi kusikia lolote. Mama amekuwa akichukua dawa za presha kwenye zahanati ya mtaani kwa miaka minne na hakuona haja ya kumhangaisha mwanawe. Mwaka wa pili analazwa kwa kiharusi, hospitali inaandika historia ya ugonjwa kwa maneno yake mwenyewe, kampuni inaisoma na kukataa kulipa. Kabla ya kujaza, kaa na mzazi, omba kadi ya kliniki na mfuko wa dawa, andika kila dawa na mwaka ilipoanza. Ukisema ukweli unaweza kupewa muda wa kusubiri au nyongeza ya bei. Ukificha, huna bima hata kama kadi unayo.

Jambo jingine ni hospitali. Matibabu mazito ya uzeeni jijini yako kwa kiasi kikubwa kwenye taasisi za umma: Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Ocean Road kwa saratani, MOI kwa mifupa, na Muhimbili yenyewe. Orodha ya hospitali yenye majina ya Upanga na Masaki inapendeza, lakini uliza kwa maandishi kama kadi inapokelewa kwenye taasisi hizo nne, na kama ni kwa huduma zote au kwa kulazwa tu. Uliza pia linalofanyika kadi ikikataliwa mapokezi. Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa mvutano wa bei za kitita kipya, yaani orodha mpya ya huduma na dawa ambazo mfuko huo unazilipia, na ilionekana wazi kwamba mkataba kati ya bima na hospitali unaweza kutetereka mgonjwa akiwa foleni.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inagusa mzizi wa tatizo kwa kuondoa hiari: kila mkazi anatakiwa kuwa kwenye skimu yenye kitita cha msingi, na wasio na uwezo wagharamiwe na mfuko maalumu. Vijana 80 wakibaki kundini, bei ya 360,000 ya mfano wetu inasimama. Bima binafsi hapo itahamia kwenye mafao ya ziada, na wanaonunua ziada, tukifuata mwelekeo wa nchi nyingine, watakuwa tena ni waliosoma na wenye kipato.

Kwa anayetoka kazini kampuni binafsi akiwa na miaka 60, bima ya kundi hukoma na ajira. Mtumishi wa umma mstaafu ana utaratibu wa kuendelea na NHIF pamoja na mwenza wake. Wa kampuni binafsi hana kinacholingana. Miezi sita kabla ya kustaafu, iandikie kampuni ya bima uliza kama inaruhusu kuhama kutoka kwenye mkataba wa kundi kwenda wa mtu binafsi bila kuanza upya kipindi cha kusubiri. Zinazoruhusu hutoa muda mfupi baada ya siku ya mwisho ya kazi, na ukipita unahesabiwa mgeni. Omba jibu kwa barua au baruapepe, lenye jina la sera na tarehe. Tunza nakala ya fomu uliyojaza siku ya kwanza. Likitokea dai limekataliwa, anza na malalamiko ya maandishi kwa kampuni yenyewe, kisha Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, au ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiwa na nakala hizo mkononi.